"Joto la chumba": kisa cha mpishi wa bia nyumbani, Mombasa

Majina, mtaa na mwaka nimeviondoa. Mhusika nimemwita Fundi, kwa kuwa ndivyo anavyoitwa na kila mtu, na ameyasoma maelezo haya akaniruhusu niyatoe. Mimi nilifanya kazi kwenye maabara ya vinywaji kwa miaka kadhaa kabla ya kugeukia ualimu. Kisa hiki nilikiingilia katikati, asubuhi ya pili baada ya chupa kulipuka. Yaliyotangulia nimeyapata kwenye daftari lake. Bahati nzuri, ni daftari la mtu aliyezoea kuandika vipimo.

## Usuli

Fundi ana miaka thelathini na kitu. Kazi yake ni kutengeneza friji na mashine za kupoza hewa kwenye mahoteli ya pwani ya kaskazini. Wakati huo alikuwa amepanga vyumba viwili vya chini upande wa Kisauni, akiishi na mpwa wake anayesoma shule ya msingi.

Shemeji yake anaishi Ulaya na huko hujipikia bia kwenye stoo ya chini ya nyumba. Alipokuja Krismasi alimletea Fundi vifurushi vitatu, kila kimoja cha kutosha lita 10: kilo 1.3 za kimea cha shayiri kilichokolezwa kikawa unga, gramu 30 za hopsi, na pakiti ya gramu 11 ya hamira ya bia. Aliyewahi kuona busaa ikipikwa anakijua kimea. Ni nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, ili wanga wake uwe tayari kugeuka sukari. Hopsi ndiyo ngeni kwetu. Ni maua ya mmea unaotambaa, unaopenda siku ndefu za kiangazi na baridi kali ya mwaka, kwa hiyo pwani hii haukubali. Ndiyo inayoipa bia uchungu wake na kuzuia baadhi ya bakteria.

Pamoja na vifurushi kulikuwa na karatasi moja ya maelekezo. Chemsha maji, koroga kimea, tia hopsi, chemsha saa moja, poza, tia hamira, funika, kisha "weka ndoo mahali penye joto la kawaida la chumba kwa wiki mbili".

Maneno hayo matano, "joto la kawaida la chumba", ndiyo yaliyozaa karibu kila kilichofuata. Aliyeyaandika alikuwa na nyuzi 20 kichwani. Chumba cha Fundi mwezi Februari, kaskazi ikivuma, kilikuwa na nyuzi 31 saa nne za usiku.

## Pishi la kwanza: Februari

Vyombo vilikuwa vya kawaida: sufuria ya lita 15, jiko la gesi la mtungi wa kilo 6, na ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko, aliyoinunua kwa mama mmoja muuza mandazi. Maji aliyachota kisimani pale uani. Yeyote anayekaa Kisauni anajua ladha ya visima vya huko. Chumvi hiyo haikuondoka kwa kuchemshwa. Hilo silifuatilii, maana lilikuwa dogo mbele ya mengine.

Kuchemsha kulikwenda vizuri. Shida ilianza kwenye kupoza. Sufuria aliitumbukiza kwenye beseni la maji ya mfereji, akayabadilisha mara tano. Maji ya mfereji wa Mombasa mwezi huo hutoka yakiwa na nyuzi 29 au 30, na kitu hakiwezi kupoa kupita kinachokipoza. Daftari linasema: saa mbili usiku, nyuzi 44; saa nne, 38; saa tano kasoro, 36. "Nimechoka. Natia hamira."

Ni uamuzi ninaouelewa. Maji ya kimea yaliyokwisha kuchemshwa ni chakula kitamu kwa kila kijidudu kinachoelea hewani, na kuyaacha wazi usiku kucha nako ni hatari. Hakuwa na barafu, na duka lilikuwa limefungwa. Kati ya kutia hamira kwenye joto baya na kuyaacha maji bila mlinzi, alichagua la kwanza.

Hamira ya ale (aina ya bia inayochachushwa kwenye joto la wastani), kama ile ya kwenye kifurushi, hufanya kazi yake nzuri kwenye nyuzi 18 hadi 22. Jambo ambalo karatasi haikulisema ni kwamba hamira yenyewe hutoa joto inapokula sukari. Ndoo ya lita 10 inaweza kuwa juu ya chumba kwa nyuzi kadhaa siku ya kwanza. Fundi, kwa kuwa ni fundi, alibandika kipimajoto ubavuni mwa ndoo. Asubuhi kilisoma 38. Povu lilikuwa limeinua mfuniko na kumwagika hadi mlangoni, na sisimizi walikuwa wamekwisha kupata habari.

Siku ya nne ndoo ilitulia. Alijaza chupa 19. Wiki mbili baadaye alifungua ya kwanza. Ilinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi, na nyuma ya ndizi kulikuwa na mwako kama wa tina ya rangi. Alikunywa mbili kwa ukaidi, kesho yake akashinda ameshika kichwa. Hayo ndiyo yanayotarajiwa: hamira ikizidiwa na joto hutoa alkoholi nzito na manukato mengi kuliko inavyotakiwa. Hakuna muda wa kuiacha ikae utakaoziondoa.

Bia pia haikuwa na povu hata kidogo. Aliliandika daftarini, akapigia mstari, akaliacha.

## Pishi la pili: friji

Mtu mwingine angetafuta ushauri. Fundi alitafuta friji. Kwake tatizo lilikuwa limekwisha kueleweka, kwamba joto limezidi, na kuondoa joto ndiyo riziki yake. Alichukua friji kuukuu iliyotelekezwa na mteja, akaifufua, akaifunga swichi ya joto kutoka kwenye friji ya vinywaji ya hoteli, akaiweka kwenye nyuzi 18. Mara hii alikuwa amegandisha chupa sita za maji siku moja kabla, akazitumia kwenye beseni, na maji ya kimea yakafika nyuzi 20 kwa saa moja na nusu. Maji alitumia ya mfereji, akayaacha usiku kucha kwenye ndoo wazi ili klorini iondoke. Yote hayo ni sawa kabisa, na nilipoyasoma nilimpa heko.

Siku ya tatu stima ilipotea kuanzia saa saba mchana hadi usiku. Ndani ya friji joto likapanda hadi 27. Iliporudi, Fundi alifanya hesabu ya kifundi: akishusha joto zaidi ya lile analolihitaji, atakuwa na akiba ya baridi siku nyingine stima ikikatika. Akaiweka kwenye nyuzi 12.

Kwa nyama hiyo ni akili nzuri. Kwa hamira ya ale ni kuilaza usingizi. Hamira hiyo ikishushwa ghafla hadi 12 huzama chini na kuacha kula, hata kama sukari bado imejaa. Siku ya sita mapovu yaliyokuwa yakitoka kwenye mrija wa kutolea gesi yalikoma. Karatasi ilisema: mapovu yakikoma, bia iko tayari. Alijaza chupa 18, kila moja ya nusu lita, akatia kijiko kimoja cha chai cha sukari katika kila chupa ili ipate gesi, akafunga kwa mashine ndogo ya vizibo. Kibaki kidogo alikitia kwenye chupa ya soda, akakiweka kwenye friji ya chakula ili aonje baadaye. Kibaki hicho ndicho kilichotusaidia kujua kilichotokea.

Chupa 18 alizipanga chini ya kitanda, kwenye nyuzi 30.

Usiku wa tisa, saa nane, moja ilipasuka, na kishindo chake kikapasua tatu nyingine. Vipande viwili vya chupa vilitoboa godoro. Fundi alikuwa amelala sebuleni kwa sababu ya joto. Mpwa wake, ambaye kwa kawaida hutandika mkeka pembeni mwa kitanda hicho hicho, alikuwa kwa bibi yake, shule zimefungwa. Majirani walidhani ni transfoma.

Asubuhi mwenye nyumba, mama wa makamo, alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, nambie. Nini kile kilolia usiku?"

Fundi anasema alifikiria kutaja gesi ya friji. Kisha harufu ya bia ilikuwa imejaa ushoroba mzima, akasema kweli. Mama yule hakupiga kelele. Alimwambia kwamba vilivyomo chumbani mwake ni vyake na Mola wake, lakini kinachopasuka kwenye nyumba yenye watoto wanane ni cha wote, na kwamba hadi Ijumaa hataki kuona hata kizibo. "Hapa si mangweni, mwanangu."

## Kuzituliza zile 14

Fundi alinipigia simu kupitia rafiki wa pamoja. Jambo la kwanza nililomwambia lilikuwa asiziguse. Watu wengi hukimbilia kuzitoa nje moja moja kwa mikono, na hapo ndipo jicho linapotoka.

Tulifanya hivi. Tulizifunika kwa magunia yaliyolowa. Yeye alivaa miwani yake ya kuchomelea, glavu za ngozi na koti zito. Kwa koleo alizihamishia kwenye kasha kubwa la barafu, tukalijaza barafu na maji, tukafunga kifuniko, tukaweka tofali juu, tukaondoka hadi kesho yake. Gesi huyeyuka zaidi kwenye bia iliyo baridi sana, hivyo msukumo ndani ya chupa hupungua. Kesho yake alizifungua chini ya taulo nene, akiinua kizibo kidogo kidogo. Mbili zilimwaga karibu zote hadi dari. Nyingine zilitoa povu kwa dakika nzima.

Kisha nikatoa haidromita. Ni kijiti cha kioo kinachoelea. Kwenye maji matupu kinasoma 1.000, na kadiri sukari inavyokuwa nyingi ndivyo kinavyoelea juu na kusoma zaidi. Kifaa hicho kimepimwa kiwandani kwa nyuzi 20. Kwenye bia ya nyuzi 30 kinasoma chini kwa takriban 0.0025, kwa hiyo hapa kwetu inabidi uongeze, au uipoze sampuli kwanza. Tulizipoza.

Kile kibaki kwenye chupa ya soda, kilichokaa baridini tangu siku ya kujaza, kilisoma 1.021. Bia iliyotoka kwenye chupa, baada ya kuitoa gesi, ilisoma 1.013. Kwa kimea kile ndoo ilianza kwenye 1.048 hivi, na ilitarajiwa kukoma karibu na 1.012.

Tofauti kati ya 1.021 na 1.013 ni pointi nane (kila 0.001 ni pointi moja), na pointi hizo zote ziliteremka ndani ya chupa iliyofungwa. Watengenezaji wa bia hupima gesi kwa ujazo: ujazo mmoja ni lita moja ya gesi iliyobebwa na lita moja ya bia. Kila pointi hutoa takriban nusu ya ujazo. Pointi nane, basi, ni ujazo nne. Kijiko kimoja cha sukari kwenye nusu lita ni gramu 5 hivi, sawa na gramu 10 kwa lita, na hizo huongeza ujazo mbili na nusu. Bia yenyewe ilikuwa tayari na karibu ujazo mmoja tangu ndoo. Jumla inapita saba. Bia ya kawaida ina kama mbili na nusu, na chupa ya kawaida imetengenezwa kwa hiyo.

Nilipomwonyesha hesabu hiyo, Fundi alikaa kimya, kisha akauliza, "Kumbe ilikuwa haijamaliza?" Ilikuwa imelala tu. Alipoitoa kwenye nyuzi 12 na kuiweka chini ya kitanda, aliiamsha na kuipa sukari juu yake.

## Kuchagua njia ya tatu

Kulikuwa na kifurushi kimoja kimebaki. Fundi alihamisha vyombo kwa mama yake, kwenye shamba dogo upande wa Rabai, na friji ikafuata kwa pikapu. Tulikaa chini ya mwembe kuzungumza njia nne.

Ya kwanza ilikuwa kurudia friji, bila kuchezea swichi. Ingefanya kazi, lakini kule shambani stima hupotea zaidi kuliko mjini, na tokeni zilikuwa zikimla.

Ya pili, kufunika ndoo kwa nguo mbichi na kuipulizia feni, ambayo wapishi wa sehemu kavu huisifia. Fundi mwenyewe aliikataa kabla sijafungua mdomo. Nguo mbichi hupoza kwa sababu maji yake hukauka, na kwenye hewa ya Mombasa iliyolowa kila saa, maji hayakauki haraka. Voi ingefaa. Hapa unapata nyuzi mbili, labda.

Ya tatu, chupa za barafu ndani ya kasha, kubadilisha asubuhi na jioni. Ni nzuri na ni rahisi, na ndiyo ningemshauri mtu asiye na njia nyingine. Lakini Fundi hulala kazini siku mbili kwa wiki.

Ya nne ilikuwa kubadilisha hamira. Mashambani magharibi mwa Norway wakulima walitunza hamira yao ya bia kwa vizazi, wakiikausha na kurithishana. Kwa lahaja yao huitwa kveik. Hamira nyingi za ukoo huo huridhika na joto ambalo lingeiharibu hamira ya kawaida. Aina ya Voss, ambayo siku hizi huuzwa ikiwa kavu kwenye pakiti kama ile nyingine, hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 35 hadi 40 na kuacha harufu ya machungwa badala ya tina. Ndiyo, inatoka kwenye nchi ya theluji. Nilipomwambia Fundi alicheka sana, na mimi sikuwa na jibu la kumtosheleza, isipokuwa kwamba wakulima wale walikuwa wakiitia hamira maji yakiwa bado ya vuguvugu, na hamira iliyobaki hai ndiyo iliyorithiwa.

Kilichomshawishi hakikuwa historia. Kilikuwa ni ile namba 36 kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Maji ya mfereji wetu yanaweza kupoza sufuria hadi pale, na hamira hii inataka kuanzia pale pale. Saa tatu za kubadilisha beseni, barafu, friji, vyote vilikuwa vya kushuka kutoka 36 hadi 20, safari ambayo sasa hakuna aliyeihitaji. Shemeji alituma pakiti kwa mtu aliyekuwa akija.

Mama yake alikuwa na swali lake, na lilikuwa zito kuliko yetu. Anakumbuka mwaka 2014, makumi ya watu walipokufa katika kaunti kadhaa nchini baada ya kunywa pombe yenye methanoli, wengine wakapofuka. "Mwanangu, wale nao waliambiwa ni salama." Nilimweleza, polepole, kwamba methanoli ile ilitiwa kwenye kinywaji na wauzaji, haikutokana na kimea kuchachuka kwenye ndoo. Bia ya nafaka haifikii kiwango cha kumdhuru mtu kwa methanoli, na sisi hatukeneki wala hatuongezi kitu. Alisikiliza. Alisema atakunywa wa mwisho, baada ya kutuona sisi tukiamka kesho yake.

## Pishi la tatu: Julai

Hapa kusi ilitufanyia kinyume. Julai jikoni kwa mama kulikuwa na nyuzi 25 usiku, na hamira ilitaka 35. Fundi wa friji akajikuta anaitafutia ndoo blanketi. Tuliiweka ndani ya kasha lile lile la barafu, sasa likiwa la kutunza joto, na chupa mbili za maji ya moto pembeni. Mama alipita, akatazama, akasema hajawahi kuona mgonjwa akitunzwa hivyo.

Hamira hizi hupenda chakula kingi, na bia nyepesi iliyotengenezwa kwa kimea cha unga inaweza kuipunja. Tulitia kijiko kimoja cha chai cha hamira ya mikate dakika kumi kabla ya kuzima jiko. Ikichemka hufa, na iliyo hai huila.

Siku ya tatu haidromita ilisoma 1.012. Siku ya nne 1.011. Siku ya sita 1.011 tena. Kuanzia hapo sheria yetu ikawa hii: mapovu hayasemi kitu, bia imekwisha pale vipimo viwili vya siku mbili tofauti vinapolingana. Kwa bia iliyoanza 1.048, hiyo ni kilevi cha asilimia 4.9 hivi.

Sukari ya chupa hatukutia kwa kijiko. Tulipima gramu 68 kwa lita 10, tukaiyeyusha kwenye maji yaliyochemka, tukaichanganya yote kwa pamoja kabla ya kujaza. Na chupa mbili kati ya zote zilikuwa za plastiki za soda. Ukiibinya na ikawa ngumu kama jiwe, unajua na zile za kioo zimefika, na unaziweka baridini kabla hazijakushtua. Zote zilikaa nje, ndani ya kreti lenye kifuniko, mbali na mahali panapolaliwa.

Jirani wa shamba ni mgema. Alikuja kuangalia, akauliza kwa nini tunakifunga kitu kinachopumua. Mtungi wa tembo, alisema, huzibwa kwa jani ili upumue. Nilijaribu kumweleza habari ya gesi na povu la bia. Alitikisa kichwa kwa adabu.

## Matokeo

Bia ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kama mtu aliyelipwa miaka mingi kutafuta kasoro kwenye vinywaji. Ilikuwa na rangi ya asali, harufu ya ganda la chungwa, uchungu wa kiasi, na hakukuwa na tina. Mama alikunywa nusu glasi siku ya pili yake, akasema ni chungu, akamaliza.

Povu halikukaa. Mapishi matatu, maji tofauti, hamira tofauti, na bado povu linazimika kama la sabuni mbovu. Hapo ndipo nilipoinusa ndoo. Muuza mandazi aliitumia kuhifadhi mafuta ya kupikia, na plastiki huyashika mafuta hata ukiiosha mara kumi. Mafuta kidogo sana yanatosha kuua povu la bia. Jibu lilikuwa kwenye daftari tangu Februari, limepigiwa mstari.

Habari zilienea. Mwenye duka wa njia panda alitaka kreti mbili kila mwezi na akataja bei. Fundi, kwa busara, alikwenda kwanza kwenye ofisi ya leseni za vileo ya kaunti ndogo. Jibu alilolipata lilikuwa wazi: Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile watu wanayoiita sheria ya Mututho, inamtaka leseni anayetengeneza, si anayeuza peke yake. Alirudi akaliambia duka hapana, akaosha vyombo, akavining'iniza. Hajapika tena. Yeye na wenzake wawili wanakusanya karatasi za kuomba leseni ya kiwanda kidogo, na kwa sasa kwenye sufuria ile wanapika tangawizi isiyo na kilevi.

## Uchambuzi

Fundi alipima. Pishi la kwanza lilikuwa baya, lakini liliacha namba, na namba 36 ndiyo iliyotupa jibu miezi mitano baadaye. Wapishi wengi wapya niliowafundisha hukumbuka tu kwamba "ilikuwa joto".

Kosa lake la gharama halikuwa la pishi la kwanza, ingawa ndilo lililompa kichwa kuuma. Lilikuwa la pili, na lilitokana na ujuzi. Alijua baridi kwa namna ya mtu anayehifadhi samaki: ikizidi ni faida. Swichi ya nyuzi 12 ilikuwa uamuzi wa mtaalamu kwenye fani isiyo yake. Mtu asiyejua friji asingethubutu kuigusa. Wahandisi na wapishi wa hoteli nimewaona wakiteleza vivyo hivyo, kila mmoja kwenye ukingo wa anachokijua.

Karatasi ya maelekezo nayo ina sehemu yake. "Joto la chumba" na "mapovu yakikoma" ni maneno yanayofaa kwenye stoo ya nyuzi 18, ambako hamira hailali wala haichemki. Yakivuka bahari yanageuka mtego. Atakayeandika maelekezo ya bia kwa Kiswahili aandike nyuzi, na aandike haidromita kwenye orodha ya vyombo kabla ya mashine ya vizibo.

Kubadilisha hamira kulifanikiwa kuliko tulivyostahili, maana tuliifanya Julai. Sijui pakiti ile ingefanyaje Februari bila blanketi, ikiwa chumba kina 31 na ndoo inajipandishia yenyewe. Kwa hesabu ingekaa kati ya 36 na 39, mahali pake hasa. Lakini hilo halijajaribiwa kwa mikono yetu, na sitalihesabu kama ushahidi.

Kosa langu mimi ni la leseni. Nilimsaidia mtu kupanga pishi zima, nikampimia sukari kwa gramu, na sikumuuliza kama ana ruhusa ya kupika. Nilijua sheria ipo. Niliiona kama jambo la wauzaji. Swali hilo lilipaswa kuja siku ile ya kasha la barafu, kabla ya haidromita, na kama lingekuja, pishi la tatu lisingekuwapo na nisingekuwa na sehemu nzuri ya kisa hiki ya kusimulia.

Na yule mpwa alipaswa kuhesabiwa tangu mwanzo. Chupa zilikuwa chini ya kitanda kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Vyumba viwili vya Kisauni havina stoo. Kama nyumba haina mahali pa kuweka chupa 18 ambapo hakuna mtu analala wala kupita, basi ni afadhali kutumia chupa za plastiki peke yake mwaka mzima wa kwanza, hata kama zinaonekana za kitoto.

Ndoo ya mafuta alimrudishia muuza mandazi. Ile friji aliiuza kwa mvuvi mmoja wa Mtwapa. Swichi bado iko kwenye nyuzi 12, na Fundi alimwambia akitaka aishushe zaidi.